Kabla Hujampandisha Shujaa, Muulize Ndorobo

Jumapili moja ya masika, mvua inapiga bati na umeme umekatika, nilikuwa nawasimulia wenzangu jinsi wapanda farasi arobaini walivyotokeza bondeni. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima: kwato, bendera, mikuki inayometa. Jamaa yetu mmoja, fundi simu aliyekulia Rujewa, akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Samahani mkuu. Hilo bonde lina miti?"

Nikamwambia lina msitu wa miombo, umefunga.

"Joto?"

Joto kali.

"Nyati, nguruwe pori, wapo?"

Wapo tele.

"Basi hao farasi wako wameshakufa. Ndorobo wamewamaliza tangu wiki iliyopita."

Tulicheka mpaka mshumaa ukazimika, na mchezo ukaishia hapohapo, kwa sababu kila nilipojaribu kuwasogeza wale farasi, mtu mmoja alikuwa anajipiga kofi shingoni kama ameumwa na nzi huyo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: tunakaa watu watano nyuma ya duka langu la fotokopi, hapa Mwanjelwa, Mbeya, mimi nikiwa msimulizi na wengine kila mmoja na mhusika wake. Nasema "mmefika mtoni, daraja limekatika," wao wanaamua watafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu. Siku za mwanzo hatukuwa hata na dadu ya pande ishirini. Tulikunja vikaratasi vyenye namba 1 hadi 20 tukavitia kwenye kopo la kahawa. Visa vinaendelea miezi na miezi. Wenye mchezo huu huko ulikotoka huita mfululizo huo kampeni. Sisi neno hilo tumewaachia wanasiasa.

Swali la fundi simu lilinikera siku tatu. Lilinikera kwa kuwa lilikuwa sahihi, na kwa kuwa lilinifumania. Nimejaza farasi katika kila nchi niliyowahi kubuni, na farasi mwenyewe nimemgusa mara moja tu maishani, Mufindi, kule kwenye mashamba ya chai ambako wageni huwapanda kutembea. Alinipulizia mkononi pumzi ya moto, nikarudi nyuma hatua mbili. Ndiyo ujuzi wangu wote. Mengine nimeyaokota kwenye sinema, na kwenye sinema farasi hali, hakojoi, haumwi kwato. Ni pikipiki yenye manyoya, tena isiyohitaji petroli.

Ninachokijua mimi ni maksai. Likizo za shule nilikuwa napelekwa kwa baba mdogo, Mbarali, na kazi yangu ilikuwa kushika kamba mbele huku yeye yuko nyuma kwenye plau. Walikuwa wawili, Tajiri na Shida. Jioni wakishafunguliwa nira, sisi watoto tulikuwa tunawapanda kuwapeleka mtoni, jambo ambalo wakubwa walilikataza na hawakulizuia.

Kumpanda ng'ombe si kama watu wanavyodhani. Ng'ombe wetu wa asili ana nundu, kwa hiyo hukai begani, unakaa nyuma ya nundu, na hapo uti wa mgongo umechongoka kama ukingo wa ubao. Halafu ngozi yake haikutulia juu ya nyama. Akipiga hatua unateleza nayo kushoto, akipiga nyingine unateleza kulia, ni kama umekalia blanketi lililotupwa juu ya gogo. Ukiishika nundu inayumba mkononi. Mkia ukija kufukuza inzi unakuchapa kiunoni, na nchani una tope lililokauka. Siku moja Shida aligeuza kichwa ghafla kumpiga inzi aliyekaa begani, pembe ikanigonga goti, nikaangukia kwenye jaruba la mpunga. Baba mdogo alikuja, akanitazama nilivyolowa, hakuniuliza kama nimeumia. Alisema, "Wewe umekula mchana. Yeye je?"

Kwa hiyo wiki ile niliamua kuanza upya, na nianze na mdudu kabla ya mnyama. Nilitaka kujua nini kimemuua farasi. Ukishajua kilichomuua farasi katika nchi yako ya kubuni, huna haja ya kuchagua mnyama mbadala kwa kutazama picha nzuri. Nchi yenyewe itakuchagulia.

Chukua ndorobo, ambaye wengine humwita mbung'o. Nzi huyu, dume na jike, anaishi kwa damu. Hatagi mayai kama nzi wengine, huzaa funza mmoja mmoja, na anapenda kivuli cha vichaka. Mate yake huweza kuwa na vimelea vinavyowaletea watu malale na kuwaletea mifugo nagana. Nyati, pofu (yule swala mkubwa) na wanyama wengine wa porini wameishi na vimelea hivyo tangu zamani, huvibeba bila kuugua sana. Ng'ombe hudhoofika. Farasi hufa. Ndiyo sababu misafara ya karne ya 19 kutoka pwani ilitembea kwa miguu ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani. Watu walikuwa wanafanya kazi ambayo kwingine ilifanywa na nyumbu na farasi. Sasa fikiria hilo kwenye mchezo: ufalme ambao utajiri wake unapimwa kwa mabega ya watu. Tayari una kisa, na hujambuni joka hata mmoja.

Ndorobo ana udhaifu wake. Hapendi baridi, na hapendi mahali palipofyekwa. Hapo ndipo ramani yangu ilipojichora yenyewe, maana sisi wa huku tunaishi juu ya ramani hiyo. Chini, kwenye bonde la Usangu, kuna joto. Ukifika Chimala ukakata kwenda Matamba, unapanda ile barabara ya Hamsini na Saba, kona hamsini na saba kweli, mtu mwenye roho nyepesi asikae dirishani. Juu yake kuna Kitulo, zaidi ya mita 2,600, hifadhi ya taifa tangu 2005, maua mpaka watu wameiita Bustani ya Mungu, na asubuhi za Juni majani yanakuwa meupe kwa baridi. Mlima mmoja, nchi mbili. Juu farasi angeishi, chini angekufa.

Basi katika ulimwengu wetu mpya kuna Nchi ya Juu na Nchi ya Chini, na kati yake kona. Mabwana wa juu wana farasi na wanaringa nao, ila hawawezi kushuka nao kupigana. Jeshi lao likifika kona ya mwisho linageuka jeshi la miguu. Pale chini kuna mji unaoishi kwa kazi moja tu, kubadilisha wanyama. Unaacha farasi, unachukua maksai, unalipia malisho ya yule uliyemwacha, na ukichelewa kurudi unakuta ameuzwa. Kila aliyewahi kushuka kwenye basi Chimala akazungukwa na watu wanaomgombania mizigo anaujua mji huo bila mimi kuuelezea.

Halafu kuna vile vitambaa. Ukienda upande wa Ruaha unaviona vimetundikwa porini, bluu na nyeusi, vimelowekwa dawa. Ndorobo huvutwa na rangi hizo, anatua, anakufa. Nikavichukua vilevile. Katika Nchi ya Chini mtu havai bluu. Bluu ni rangi ya mtego, inatundikwa mpakani, na mgeni akiingia kijijini amevaa joho la bluu watoto wanamkimbia. Mchezaji wetu mmoja, mwalimu wa sekondari, alikuwa ameshaandika kwenye karatasi yake kwamba mchawi wake huvaa bluu ya anga. Hakunisamehe mpaka leo.

Kila ninapolieleza jambo hili kuna mtu huuliza: si mpande punda milia? Wazo si jipya. Nairobi, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na daktari, Rosendo Ribeiro, aliyekwenda kuwaona wagonjwa akiwa juu ya punda milia. Wajerumani nao walijaribu kuwafuga huku kwetu walipotawala. Lakini punda milia mzima ana kilo 250 hadi 300, na wazoefu wa farasi husema mnyama abebe kama sehemu ya tano ya uzito wake. Fanya hesabu: kilo 50, tuseme 60. Shujaa wetu mwenye deraya, ngao, upanga na kiburi ana kilo 110. Tena punda milia ana hasira, anang'ata na kung'ang'ania, na ukimrushia kamba anainamisha kichwa ipite. Mmoja akifugika ni habari ya mjini. Kuwafuga kizazi kwa kizazi ni jambo jingine, na hilo halijafanikiwa.

Milia yake ndiyo ninayoitaka. Mwaka 2019 watafiti wa Japani waliwapaka ng'ombe milia myeupe juu ya rangi yao nyeusi, na nzi wanaouma wakapungua karibu nusu. Kwa hiyo maksai wa Nchi ya Chini wanapakwa chokaa kila asubuhi kabla ya safari. Mvua ikinyesha, milia inachuruzika, na mimi narusha dadu kwa siri kuona nani ameumwa. Wachezaji wangu sasa wanaiogopa mvua kuliko majambazi.

Kuhusu maksai nilitegemea dharau, na kweli ilikuja. "Shujaa juu ya ng'ombe?" Ila historia iko upande wangu. Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika walipanda ng'ombe kabla Waholanzi hawajashusha farasi kule Cape. Wabaggara wa Sudan, ambao hata jina lao linatokana na ng'ombe, wanawapanda. Kisiwani Marajó, Brazili, polisi hufanya doria juu ya nyati wa kufugwa. Na David Livingstone, ambaye milima yetu ile kati ya Kitulo na Ziwa Nyasa bado inabeba jina lake, alisafiri kwenda Luanda mwaka 1853 na 1854 akipanda maksai aliyemwita Sinbad. Sinbad alimsumbua kweli, alimpitisha chini ya mimea ya kutambaa akamwangusha, kisha akampiga teke. Lakini alikuwa na sifa moja: pembe zake zililegea na kuinama chini. Maksai mwenye pembe zilizosimama akigeuza kichwa kufukuza nzi, anayeipata ncha ni mpandaji. Niliposoma hapo goti langu lilikumbuka.

Hiyo ndiyo aina ya jambo ninalolitaka kwenye mchezo. Kasi na nguvu ni namba, hata mtoto anaweza kuziandika. Pembe iliyoinama ni bei sokoni. Katika mji wetu wa kona, maksai wa pembe legevu ni ghali mara tatu, na wauzaji matapeli hukata pembe na kuzipaka udongo ili ionekane alizaliwa hivyo. Mchezaji mmoja aliuziwa wa namna hiyo. Tulitumia jioni nzima tukimtafuta muuzaji, na vita niliyoiandaa haikupiganwa kamwe.

Usimpe maksai mbio. Mwendo wake ni kilometa tatu au nne kwa saa, na lazima asimamishwe ale, kisha alale acheue. Kucheua si uvivu, ndiyo nusu ya kula kwake. Ukimnyima muda huo siku ya tatu analala njiani na hakuna kiboko kitakachomwinua. Msafara wa maksai kwa hiyo una muda mwingi wa watu kukaa chini ya mti wakizungumza, na msimulizi yeyote atakwambia kwamba mazungumzo ya chini ya mti ndiyo mchezo wenyewe.

Tembo kila mtu anamtaka. Mwaka 1879 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aligharimia tembo wanne kutoka India, wakashushwa karibu na Dar es Salaam waende hadi Ziwa Tanganyika. Ndorobo walikuwepo njiani, tembo wakapita. Wengi wao hata hivyo walikufa kabla ya kulifikia ziwa. Baadaye, Kongo, Wabelgiji waliwafunza tembo wa Kiafrika wenyewe, kwa hiyo wanaosema tembo wetu hafundishiki wanakosea. Tatizo ni chakula: mmoja anakula kama kilo 150 kwa siku. Nilimpa mwalimu tembo mmoja ajaribu. Kijiji cha kwanza walimkaribisha kwa ngoma. Kijiji cha pili walikuwa wameshapata habari, na watu walisimama kando ya mahindi yao wamekunja mikono kifuani, hawasalimii. Anayeishi jirani na Ruaha hahitaji kuambiwa tembo akiingia shambani usiku anaacha nini. Mpanda tembo ni tajiri asiyetakiwa popote. Akamrudisha mwenyewe.

Mnyama niliyempenda kuliko wote ni pofu. Watu wanamsahau kwa kuwa anaitwa swala, na tukisikia swala tunafikiria kitu chembamba. Dume la pofu linafika kilo 900. Sehemu ya tano ya hizo ni 180: shujaa, deraya, na mfuko wa mchele. Anaruka kizuizi cha mita mbili na zaidi. Ndorobo hamtishi sana. Kule Ukraine, Askania-Nova, wamewafuga na hata kuwakamua maziwa. Kasoro yake ni nzuri kuliko sifa zake: dume likitembea miguu inalia, ta, ta, ta, kama mtu anayevunja vidole, na sauti inasikika mbali. Watu wa msituni katika ulimwengu wetu wanapanda pofu, na hawawezi kumvamia mtu kimyakimya hata siku moja. Wamejenga heshima yao juu ya hilo. Kwao, kuja bila kusikika ni tabia ya mwizi. Mchezo wa kuigiza majasusi juu ya pofu tuliucheza mara moja, ukaishia vibaya ndani ya dakika kumi.

Mbuni nilimpitia haraka. Ana kasi ya kilometa 70 kwa saa, anabeba mtu wa kilo 50 akiwa na bahati, na hana breki. Nikawapa watoto wanaopeleka ujumbe, basi.

Wa kuruka sina hamu nao. Ndege mzito anayeweza kuruka leo, yule tandawala mkubwa, hafiki kilo 20, na anaruka kwa shida kama mtu mnene anayepanda daladala. Ukimkuza mnyama mara mbili kwa urefu, uzito wake unapanda mara nane, huku nguvu ya mifupa ya miguu ikipanda mara nne tu. Ndiyo sababu buibui mwenye ukubwa wa basi angejivunjia miguu papo hapo. Utaniambia kuna uchawi. Sawa, weka uchawi, lakini mwambie mchezaji anaulipia nini, maana tai anayemfikisha popote bure ameifuta ramani yote niliyoichora, na kona zangu hamsini na saba zimekuwa pambo.

Na punda? Punda ndiye jibu la kweli, na ndiye hakuna anayemtaka. Amefugwa Afrika yapata miaka 7,000, anavumilia kiu, anakula majani ambayo farasi angeyapuuza, na huo unaoitwa ubishi wake ni akili: akiogopa anasimama kwanza atazame, hakimbii ovyo. Kwenye daraja bovu ningempa yeye aamue. Lakini hata kwenye ulimwengu wa kubuni, ambako mtu anakubali kuwa nusu mjusi, hakubali kuonekana juu ya punda. Asante ya punda ni mateke, na sisi ndio tunaopiga.

Wiki mbili zilizopita fundi simu alifika chini ya kona na maksai wake. Kwa sheria za mji alipaswa kumwacha na kukodi farasi. Akakataa. Alikuwa na maksai huyo tangu mwanzo, alishamtoa kwenye tope, alimpaka milia kwa mkono wake asubuhi ishirini na tatu. Anataka kupanda naye mpaka juu, kwenye baridi, kona zote. Mezani wakanitazama mimi niseme inawezekana au haiwezekani, nami sikujua. Nikawaambia wasubiri, nikatoka nje nikampigia baba mdogo.

Alichelewa kupokea. Nikamsalimia, shikamoo, marahaba, nyumbani wazima, mvua huko vipi. Kisha nikamuuliza: maksai mmoja, mzigo wa mtu mmoja, kutoka Chimala kupanda Hamsini na Saba mpaka juu, ataweza?

"Ng'ombe wa nani?"

Nikamwambia si wa mtu, baba, ni wa kwenye mchezo, wa kubuni.

Kimya. Nikasikia redio yake nyuma inasoma matangazo ya vifo. Nikadhani simu imekatika.

"Amekula?" akauliza.